Nguo Imfuate Mvaaji



 Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya mavazi na mbio za fasheni. Kwa kuwa si haki kumnyooshea mwingine kidole kabla ya kujitazama, tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miezi michache iliyopita kamati ya msikiti wetu ilikaa baada ya sala ya Isha kupanga mahafali ya madrasa. Ajenda zilikuwa nyingi: viti, vipaza sauti, pilau, zawadi za waliohifadhi. Kuelekea mwisho likaletwa jambo lililoonekana dogo, kwamba wanafunzi wa kike washone sare. Kitambaa kilichopendekezwa kilikuwa cha zambarau chenye kumetameta, ambacho msimu ule kilitundikwa mbele ya kila duka la Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kitambaa, ushonaji na mtandio vilikaribia shilingi 40,000 kwa mtoto mmoja. Hakuna aliyepinga. Sisi tuliokabidhiwa kalamu ya kamati tukauandika uamuzi ule kwa mkono wetu, kikao kikafungwa kwa dua, tukaenda kulala.

Siku ya mahafali ukumbi ulipendeza. Wageni walisifu, picha zilipigwa. Lakini jina moja lilipoitwa hapakuwa na wa kuitikia. Lilikuwa jina la binti wa miaka 12 aliyepangiwa kusoma Surat Al-Mulk kwa moyo, mmoja wa wasomaji wazuri kabisa tulionao. Ustadh aliita mara ya pili, akatazama mlangoni, kisha akaendelea na jina linalofuata.

Jioni, baada ya Maghrib, tulikwenda nyumbani kwao kumjulia hali. Mama yake, ambaye huuza vitumbua alfajiri kituo cha daladala, alitupokea kwa adabu akatuambia kuwa mtoto ana homa. Bibi yake alikuwa ameketi mkekani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Katibu, mwanangu, huyu haumwi. Ana homa ya nguo." Akamwambia mjukuu wake avae gauni lake la Idi atuoneshe.

Lilikuwa gauni pana la kijani, limeshonwa na fundi wa jirani kutokana na kitenge cha bibi mwenyewe. Mikono mirefu, pindo limenyooka, mtandio mweupe uliopigwa pasi. Lilimkaa vizuri kuliko zambarau nyingi tulizoziona asubuhi ile, maana lilikatwa kwa ajili yake. Binti alisimama mbele yetu bila kuinua macho. Aliogopa kuwa wa kijani peke yake katikati ya wa zambarau.

Kosa letu halikuwa katika rangi. Zambarau ni rangi kama nyingine, na kitambaa kile ni halali kwa mwenye kukipenda na kukimudu. Tulikosea pale tulipochukua kitu kilichokuwa kikitamba sokoni kwa wiki chache, tukakifanya kuwa mlango wa kuingilia katika shughuli ya Qur'ani. Hakuna aliyeandika kwamba asiye na zambarau asije. Hata hivyo mtoto wa miaka 12 alilisoma jambo hilo katika uamuzi wetu, na alilisoma sawasawa.

Fasheni na mtindo

Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya maneno mawili, fasheni na mtindo. Kwa ajili ya makala hii tuyatenganishe. Fasheni ni habari itokayo nje: msimu huu watu wanavaa nini. Mtindo wa mtu hutoka kwake mwenyewe. Anaujua mwili wake, kazi yake, umri wake, kipato chake na mipaka ya dini yake, kisha anachagua kwa ujuzi huo. Fasheni hubadilika hata kama wewe hujabadilika. Mtindo hubadilika pale maisha yako yanapobadilika: unapojifungua, unapohama kutoka Lushoto penye baridi kwenda Tanga penye joto, unapofikia umri wa kuvipenda viatu vya chini.

Waarabu wana neno imma'a. Ni mtu asiye na rai yake, ambaye kila amkutaye humwambia, "Mimi niko pamoja nawe." Sahaba Ibn Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwaonya watu wasiwe wa namna hiyo. Tumezoea kulisoma onyo hilo katika mambo ya itikadi na siasa. Lakini kabati la nguo nalo ni mahali pa kulipima. Mtu aliyezoea kuuliza "wenzangu wanavaa nini?" kila atokapo nyumbani, siku moja atauliza "wenzangu wanaamini nini?" kwa sauti ileile.

Dini imetuachia uwanja mpana

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya fasheni ni kuwavalisha Waislamu wote nguo moja. Dini yetu haikufanya hivyo. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, Mola wetu anawakumbusha wanadamu kuwa amewateremshia mavazi ya kusitiri tupu zao na ya kujipamba, kisha anabainisha kuwa vazi la uchamungu ndilo bora. Stara na pambo vimetajwa pamoja. Katika aya ya 31 ya sura hiyohiyo tunaamrishwa kujipamba tuendapo kwenye ibada, na hapohapo tunakatazwa israfu.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivaa nguo za nchi mbalimbali. Anas (R.A.) ameeleza kuwa vazi alilolipenda mno lilikuwa hibara, shuka yenye mistari iliyofumwa Yemen. Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) naye ameeleza kuwa katika safari moja Mtume (S.A.W.) alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata alipotaka kutawadha mikono haikukunjika, ikabidi aitoe kwa chini ya juba. Nguo ya kigeni aliivaa, wala haikumfanya mgeni.

Mipaka ipo nayo inajulikana: nguo isitiri, isioneshe maungo kwa wepesi wala kwa kubana, mwanamume asijifananishe na mwanamke wala mwanamke na mwanamume. Zaidi ya hapo, Ibn Abbas (R.A.) aliwaachia watu uhuru mkubwa katika chakula na mavazi, akaweka vizuizi viwili tu, israfu na majivuno. Tena tumeonywa juu ya vazi la kutafutia umaarufu. Wanazuoni wamefafanua kuwa umaarufu huo hauko katika nguo za ghali peke yake. Hata tambara likivaliwa ili watu waseme "tazameni mcha Mungu yule" linaingia humo.

Na asije mtu akadhani kuwa kupenda kupendeza ni dhambi. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kuwa hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tulipoikumbuka hadithi hiyo usiku ule, neno la mwisho ndilo lililotuchoma. Uzuri haukukatazwa. Kilichokatazwa ni uzuri unaomfanya mwingine ajione si kitu, nasi tulikuwa tumeukaribisha katika mahafali.

Bibi zetu walilifanyaje soko

Huenda mtu akasema kuwa watu wa pwani tumependa fasheni tangu zamani, na kwamba haya si mapya. Ni kweli. Lakini tutazame namna bibi zetu walivyoipenda.

Mwishoni mwa karne ya 19 madukani Unguja na Mombasa ziliuzwa leso za pamba zilizokuja katika jora. Inasimuliwa kwamba akina mama, badala ya kukata leso moja moja, walikata sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga kwa sindano zikawa kitambaa kimoja kipana cha kujifunga. Wenye maduka walipoona biashara inakoelekea wakaanza kuagiza vitambaa vya upana huo vilivyokwisha kuchapwa huko huko vitokako. Kwa kuwa vingi vilikuwa na madoadoa kama ya ndege, vikaitwa kanga. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa herufi za Kirumi, mpaka doti ya kanga ikaweza kumjibu jirani bila mwenyewe kufungua kinywa.

Kwa wengi wao kanga ilibeba jambo zito zaidi. Watumwa wa Unguja walivishwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, na wanawake wakavishwa kaniki nyeusi. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo. Wanawake wakajifunga kanga za rangi, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Walikuwa wakisema kwa nguo kwamba sasa ni watu huru.

Bibi zetu hawakuwa malaika. Walipenda kipya, na mfanyabiashara aliyechelewa kuleta mchoro walioutaka alibaki na mzigo wake. Lakini mwelekeo ulikuwa huo: wao walijua wanachotaka, soko likawafuata. Nguo ilitoka ng'ambo, na maana yake ikatiwa hapa.

Leo buibui la bibi zetu limepokewa na abaya kutoka Ghuba. Abaya ni vazi jema la stara, nasi hatuna neno nalo. Hata hivyo tumeliona likitiwa katika mbio: mwaka huu mikono mipana kama mbawa za popo, mwaka ujao vito kifuani, mwaka mwingine rangi ya maziwa, na kila Ramadhani inapokaribia ile ya mwaka jana huambiwa imechuja. Dada aliyenunua stara hujikuta ananunua tena stara ileile kila msimu.

Nasi wanaume tusijifiche nyuma ya mimbari. Tumekuwa wepesi wa kuhutubia juu ya nguo za wanawake ilhali kanzu zetu nazo zina misimu: mara ya Oman yenye kishada shingoni, mara ya Saudia yenye kola, mara ya Morocco yenye kofia mgongoni. Kijana asiye na ile inayotamba huswali safu ya nyuma, kisha huondoka kabla ya watu kusalimiana. Tumewaona.

La kufanya

Kujenga mtindo wako si kazi ya fedha nyingi. Tunapendekeza mambo machache ambayo familia yoyote inaweza kuanza nayo.

Kwanza, hesabu ulichonacho. Siku moja toa nguo zako zote uziweke kitandani. Tenga zile unazozivaa mara kwa mara na zile zilizolala. Kisha zichunguze zile unazozivaa: ni za pamba au za nailoni, ni za rangi gani, urefu wake umefika wapi, shingo yake imekatwaje. Hapo utauona mtindo wako, maana umekuwa ukiuchagua kila asubuhi bila kujua. Zile zilizolala nazo zina somo. Nyingi zilinunuliwa kwa sababu ya mtu mwingine.

Pili, vaa kwa ajili ya siku yako ilivyo. Mafundi cherehani wengi watakwambia kuwa siku hizi mteja haji na maelezo, huja na picha ndani ya simu. Aliye pichani ni mrefu, amesimama kwenye zulia, hana mtoto mgongoni. Mteja atapanda daladala saa kumi na mbili asubuhi, atakaa dirishani penye jua, atashuka kwenye tope. Gauni la mkia haliwezi safari hiyo. Mpelekee fundi ile nguo yako kuukuu inayokukaa vizuri, umwombe achukue vipimo hapo. Ndipo ubadilishe kitambaa au mkono upendavyo. Katika joto letu pamba hunyonya jasho, ilhali vingi vya vile vinavyometameta hulifungia mwilini.

Tatu, subiri. Fasheni hutaka ununue leo. Ukikipenda kitu, kiache zipite wiki mbili. Jiulize: kama hakuna atakayeniona, ningekinunua? Nitakivaa watu watakapokuwa wameacha kukisifu? Fedha yake ni yangu au ni ya kikoba? Tunawafahamu akina mama waliokopa kwenye kikoba ili washone sare ya harusi ya saa nne, wakalipa deni kwa miezi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo; ya mkopo nayo haiko mbali.

Nne, anayetaka kuuona mwisho wa fasheni aende soko la Karume asubuhi marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Humo mna nguo zilizogombaniwa Ulaya na Marekani, na sasa zinauzwa kwa fungu. Lakini humohumo mwenye kujua mtindo wake huinama, akashika kitambaa, akatazama mshono, akatoka na gauni la pamba litakalomsitiri miaka mitano. Mahali ni pamoja, jicho ndilo tofauti.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, tuwafundishe watoto kuchagua. Mtoto apewe nguo mbili zilizo ndani ya mipaka, aambiwe achague na aseme kwa nini. Akikosea rangi, dunia haiharibiki. Na akirudi nyumbani akicheka nguo ya mwenzake, asiachwe alale bila kuelezwa. Anayecheka leo ndiye atakayeogopa kuchekwa kesho, na kwa hofu hiyo atafuata lolote.

Hoja ya sare

Tuliporudi kwenye kamati tukalieleza jambo lile, mama mmoja mwenye hekima alitupinga. Alisema sare ndiyo inayoficha umaskini. Bila sare, watoto wenye uwezo watakuja na hariri na wengine watakuja na walichonacho, na tofauti itaonekana zaidi. Hoja yake ina uzito, na hatukuipuuza.

Tulimjibu kwa mfano wa ihramu. Mahujaji wanaume huvaa shuka mbili zisizoshonwa, na tajiri hajulikani na fukara. Usawa huo umewezekana kwa sababu vazi lenyewe ni jepesi kupatikana na halibadiliki kwa msimu. Vivyo hivyo sare ya shule: mtoto huivaa kila siku, akaipitisha kwa mdogo wake. Sare ya zambarau ilikuwa ya siku moja, ya bei ya msimu, na mwakani ingekuwa rangi nyingine. Haikuficha umaskini; iliupangia siku ya kuonekana. Mama yule alifikiri, akasema basi madrasa iwe na mtandio mweupe kwa wote, wa pamba, ununuliwe kwa fedha ya mfuko wa kamati kwa asiyeweza, na gauni kila mtu avae lake lenye stara na lililo safi. Hivyo ndivyo tulivyoandika, na safari hii kalamu ilikuwa nyepesi mkononi.

Kwa binti yule tulikwenda tena, tukamwomba radhi mbele ya mama na bibi yake. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto si kujishusha. Ustadh akamwomba asome Surat Al-Mulk katika darsa ya akina mama Ijumaa iliyofuata. Alikuja na gauni lake la kijani. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, lakini kufikia aya za katikati ilijaa msikiti. Alipomaliza, wenzake wawili walimfuata kwenye ngazi wakamuuliza fundi wake anakaa wapi.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) atuvishe vazi la uchamungu, atupambe kwa tabia njema, na atujaalie tusiwe sababu ya mtoto yeyote kubaki nyumbani.